Arturo Schomburg: Karani wa barua aliyekusanya historia ya watu weusi

Majuma machache yaliyopita mama mmoja anayetusikiliza kila siku alitutumia ujumbe. Binti yake amepata nafasi chuoni kusomea utunzaji wa kumbukumbu na nyaraka. Mama hakuwa na raha. Alitaka kujua hiyo ni kazi gani hasa, na kama ameuza mbuzi na magunia ya mahindi ili mtoto akajifunze kupanga mafaili, faida yake iko wapi.

Studio tulicheka kidogo, kisha tukanyamaza. Sisi wenyewe tunaijua hasara ya kukosa mtu wa kazi hiyo. Katika kituo kimoja tulikowahi kufanya kazi zamani, kulikuwa na kaseti za wazee waliohojiwa miaka ya nyuma, wakisimulia njaa, vita na asili ya majina ya vijiji vyao. Kaseti tupu zilipokwisha, zile za wazee zikafutwa kwa kurekodiwa juu yake salamu na matangazo ya biashara. Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Hakukuwepo tu mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusema hizi zisiguswe. Wazee wale wamekwisha fariki, na sauti zao hatuna.

Hewani tulimjibu mama kwa ufupi. Tulimwambia kwamba ofisi za serikali zina masijala, yaani chumba ambamo barua na majalada yanapokewa, yanaandikishwa na kutunzwa. Tukamwambia kwamba Tanzania ina Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na kwamba siku mtu anapogombea shamba la baba yake, karatasi moja iliyotunzwa vizuri inaweza kumwokoa. Hayo yote ni kweli, lakini jibu lilikuwa fupi mno. Ndiyo maana leo tumeandika kwa urefu kisa cha mtu mmoja aliyeianza kazi hii bila chuo, bila cheti na bila mshahara.

Jina lake ni Arturo Alfonso Schomburg. Litamke Shombag, utakuwa umekaribia. Alifariki mwaka 1938, na leo jengo moja kubwa jijini New York, Marekani, linabeba jina lake.

Mtoto wa kisiwani

Schomburg alizaliwa Januari 24, 1874 katika kisiwa cha Puerto Rico, kwenye bahari ya Karibiani. Wakati huo kisiwa kilikuwa koloni la Hispania. Utumwa ulikuwa umefutwa pale Machi 1873, hata mwaka haujatimia. Tena ulifutwa nusunusu, kwani walioachwa huru walilazimika kuendelea kufanya kazi kwa mkataba miaka mitatu mingine. Kwa hiyo mtoto huyu alizaliwa katikati ya watu waliokuwa watumwa juzi tu.

Mama yake, María Josefa, alikuwa mwanamke mweusi kutoka kisiwa cha Saint Croix, ambacho kilikuwa chini ya Denmark. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya Kijerumani. Mtoto alichukua jina la baba, lakini malezi yalikuwa ya upande wa mama.

Inasimuliwa kwamba alipokuwa darasa la tano, mwalimu wake alisema mbele ya darasa kuwa watu weusi hawana historia, hawana mashujaa, wala hawajawahi kufanya jambo kubwa duniani. Watoto wengi wangelia, au wangesahau ifikapo jioni. Schomburg hakulisahau. Alianza kutafuta majina. Kila aliposikia habari za mtu mweusi aliyefanya jambo, aliliweka akilini, na baadaye alianza kutafuta karatasi ya kulithibitisha.

Hapo ndipo ilipoanzia safari yake. Hakuridhika kumjibu mwalimu kwa maneno, kwa kuwa maneno kwa maneno ni ubishi usiokwisha. Alitaka siku moja aweze kuweka kitu mezani.

Redio kabla ya redio

Kuna jambo la ujana wake ambalo sisi watangazaji limetugusa. Katika miji ya Puerto Rico na Cuba kulikuwa na viwanda vya kusokota sigara. Wafanyakazi walikaa safu kwa safu, mikono inasokota tumbaku, na mbele yao alikaa mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuwasomea kwa sauti. Aliwasomea magazeti, vitabu vya hadithi na habari za siasa. Wafanyakazi wenyewe ndio waliochanga kumlipa. Wengi wao hawakusoma sana shuleni, lakini walijua mambo ya dunia kwa kusikia.

Msikilizaji, hiyo ni redio kabla redio haijavumbuliwa. Schomburg alikua karibu na wasokota sigara hao. Kwao alijifunza kwamba mtu asiye na shahada anaweza kuwa na elimu, mradi kuna anayesoma na kuna anayesikiliza.

Alipofikisha miaka 17, aliamua kuondoka. Mwezi Aprili mwaka 1891 alishuka katika bandari ya New York. Waliompokea walikuwa watu wa jamii hiyohiyo ya wasokota sigara kutoka Cuba na Puerto Rico, ambao walikuwa wakipigania visiwa vyao vitoke mikononi mwa Hispania.

Katibu wa kikao

Mwaka 1892 vijana hao waliunda chama walichokiita Las Dos Antillas, maana yake visiwa viwili vya Antili, yaani Cuba na Puerto Rico. Chama kilichangisha fedha, silaha na dawa kwa ajili ya mapambano. Schomburg, akiwa na miaka 18, alichaguliwa kuwa katibu.

Wengi wetu tumewahi kuwa makatibu. Wa kikundi cha kuweka na kukopa, wa kwaya, wa kamati ya msikiti au ya maji. Tunajua kazi yake: kuandika nani amefika, nani ametoa shilingi ngapi na limeamuliwa nini. Mara nyingi anayepewa ni kijana mwenye mwandiko mzuri, na watu huona ni kazi ndogo. Lakini viongozi wakiondoka na chama kikivunjika, kinachobaki ni daftari la katibu. Chama cha akina Schomburg kilikufa mwaka 1898, baada ya Marekani kuipiga Hispania na kuichukua Puerto Rico. Mihtasari ya vikao vyake ilibaki, na wanahistoria wanaitumia mpaka leo.

Tunaweza kusema kwamba hapo ndipo alipoanza kazi ya utunzaji wa nyaraka, ingawa yeye mwenyewe hakuiita hivyo. Alianza na daftari la mahudhurio.

Mlango uliofungwa kwa kukosa cheti

Maisha ya New York hayakuwa rahisi. Schomburg alifanya kazi hotelini, aliendesha lifti za majengo, alifanya vibarua. Kuanzia mwaka 1901 alipata kazi ya karani na tarishi katika ofisi ya mawakili. Alikaa miaka mitano akibeba majalada ya kesi, akisoma sheria usiku, akitumaini kuwa wakili.

Ndoto hiyo iliishia njiani. Ili kuruhusiwa kufanya mtihani alitakiwa aonyeshe vyeti vya shule, na hakuwa navyo. Fikiria jambo hilo. Mtu ambaye baadaye angetunza karatasi za maelfu ya watu alizuiwa na karatasi moja ambayo yeye mwenyewe hakuwa nayo.

Mwaka 1906 aliingia kampuni ya benki ya Bankers Trust, kwenye mtaa wa Wall Street. Alianza chini kabisa, akipeleka ujumbe. Baadaye alipewa kusimamia sehemu ya barua za Karibiani na Amerika ya Kusini, kwa sababu alijua Kihispania. Alikaa hapo zaidi ya miaka 20, mpaka mwaka 1929 alipostaafu kwa sababu ya afya.

Mchana kutwa alishughulika na barua: imetoka wapi, inakwenda kwa nani, imeandikwa lini, iwekwe wapi ili kesho ionekane. Anayesomea utunzaji wa nyaraka leo hujifunza maswali hayohayo.

Nyumba iliyojaa vitabu

Jioni na siku za mapumziko ndipo kazi yake nyingine ilipoanza. Alizunguka kwenye maduka ya vitabu vya zamani, kwenye minada na kwenye mabanda ya wauza karatasi. Alikuwa na faida moja: wauzaji wengi hawakujua thamani ya walichokuwa nacho. Kitabu kilichoandikwa na mtu mweusi miaka 100 iliyopita kilitupwa kwenye rundo la bei rahisi. Schomburg alikitambua, akatoa senti zake na kuondoka nacho.

Kwa mahali asikoweza kufika, aliandika barua. Aliwaandikia wauza vitabu wa Ulaya. Rafiki akisafiri, alipewa orodha ya vitu vya kutafuta. Pesa zilikuwa ni za mshahara uleule wa karani, na alikuwa na familia kubwa. Alioa mara tatu, wake wawili wa kwanza walifariki, na kwa jambo la kushangaza wote watatu waliitwa Elizabeth. Watoto walikuwa wengi, nyumba ilikuwa moja huko Brooklyn, na vitabu vilijaa kila chumba. Waliomtembelea walisimulia kwamba hata bafuni vilikuwemo.

Hatujui mama wa nyumba alivumilia kiasi gani, lakini tunaweza kukisia. Kazi ya kutunza, kabla haijawa heshima, huwa ni usumbufu kwa wanaoishi na mtunzaji.

Mwaka 1911 aliungana na John Edward Bruce, mwandishi wa magazeti aliyezaliwa utumwani, wakaanzisha chama cha utafiti wa historia ya watu weusi. Mwaka 1913 alizungumza mbele ya walimu weusi huko Cheyney, Pennsylvania, akiwataka waiingize historia hiyo katika masomo yao. Mwaka 1916 alichapisha orodha ya vitabu vya ushairi vya Wamarekani weusi. Ilikuwa orodha tu, majina na miaka. Lakini kabla ya orodha hiyo mtu aliweza kudai kwamba washairi hao hawakuwepo. Baada yake alilazimika kwanza kuisoma.

Alikuwa anatafuta nini

Tutaje vitu vitatu ili msikilizaji aone uzito wake.

Cha kwanza ni maandiko ya Phillis Wheatley. Huyu alikuwa msichana aliyekamatwa Afrika Magharibi na kuuzwa Boston mwaka 1761, akiwa na umri wa miaka saba au minane hivi. Alijifunza Kiingereza na kuanza kutunga mashairi. Mwaka 1773 kitabu chake kilichapishwa London. Lakini wazungu hawakuamini kwamba mtumwa mweusi ameweza kuyatunga, hivyo mwanzoni mwa kitabu uliwekwa ukurasa wenye majina ya wanaume 18 wakubwa wa Boston, akiwemo gavana, wakithibitisha kwamba mashairi ni yake. Msichana alihitaji mashahidi 18 ili aaminiwe kwamba ameandika kazi yake mwenyewe. Leo ukurasa huo unawashuhudia wote, yeye na wale waliomtilia shaka.

Cha pili ni almanaka za Benjamin Banneker, mtu mweusi huru wa Maryland aliyejifunza mwenyewe hesabu na elimu ya nyota. Almanaka ni kitabu kinachoonyesha mwenendo wa jua, mwezi na nyota katika mwaka, na wakulima walikitegemea sana. Banneker alizikokotoa hesabu hizo mwenyewe. Mwaka 1791 alimtumia nakala Thomas Jefferson, ambaye baadaye alikuwa rais wa Marekani, pamoja na barua ya kumkosoa kwa kushikilia watumwa.

Cha tatu ni kitabu cha Juan Latino. Huyu alikuwa mtu mweusi aliyeishi Granada, Hispania, katika karne ya 16. Alitoka utumwani akawa mwalimu wa Kilatini, lugha ya wasomi wa zama hizo, na mashairi yake kwa lugha hiyo yalichapishwa mwaka 1573. Yaani zaidi ya miaka 300 kabla mwalimu wa Puerto Rico hajasema alichosema, mtu mweusi alikuwa akiwafundisha Wahispania wenyewe.

Mwaka 1925 Schomburg aliandika makala iliyosomwa sana, akieleza kwa nini Mmarekani mweusi lazima aichimbue historia yake ikiwa anataka kuijenga kesho yake. Alionya pia dhidi ya kutia chumvi. Historia ya kujisifu bila ushahidi, kwake, haikuwa na nguvu kuliko dharau ya yule mwalimu. Ndiyo maana alitaka vitu vya kushikika: kitabu, barua, picha, tarehe.

Dola 10,000

Kufikia miaka ya 1920, mtaa wa Harlem jijini New York ulikuwa umejaa watu weusi waliohamia kutoka kusini mwa Marekani, Karibiani na Afrika. Maktaba ya umma iliyokuwa barabara ya 135 ilikuwa chini ya mkutubi Ernestine Rose. Wasomaji waliulizia vitabu kuhusu watu weusi mpaka vile vichache vilivyokuwepo vikachakaa. Mwaka 1925 maktaba ilitenga sehemu maalumu kwa ajili yake.

Mwaka uliofuata, 1926, shirika la Carnegie lilitoa dola 10,000 kununua mkusanyiko wa Schomburg na kuukabidhi kwa maktaba hiyo. Vilikuwa maelfu ya vitabu, miswada, michoro na vijitabu. Zilikuwa fedha nyingi kwa karani, ingawa waliojua thamani ya vitu vile waliona ni bei ya chini.

Uamuzi huo unastahili kutazamwa vizuri. Angeweza kuuza kipande kimoja kimoja kwa matajiri, na pengine angepata zaidi. Vitu vingetawanyika tena. Aliuza vyote pamoja, kwa maktaba ya umma, mahali ambapo mfua nguo au mbeba mizigo wa Harlem angeweza kuingia bila kulipa na kuomba kusoma.

Sehemu ya fedha hiyo aliitumia kusafiri Ulaya mwaka huohuo, akaendelea kutafuta. Huko Seville, Hispania, aliingia katika hifadhi kubwa ya nyaraka za makoloni ya Hispania. Mtoto wa koloni alikaa mezani akisoma karatasi za waliomtawala. Pia alifuatilia kazi za Juan de Pareja, mchoraji aliyekuwa mtumwa wa mchoraji maarufu Velázquez kabla ya kuwa msanii kwa jina lake mwenyewe.

Ajira ilikuja uzeeni

Hapa ndipo jibu la mama yetu linapokaribia. Kwa miaka zaidi ya 30 Schomburg alifanya kazi ya mtunza nyaraka bila kuajiriwa kwa kazi hiyo. Mshahara wa kwanza wa kazi aliyoipenda aliupata akiwa amevuka miaka 55, alipoitwa Chuo Kikuu cha Fisk, Nashville, kujenga mkusanyiko wa historia ya watu weusi. Alikuta vitabu 100 hivi. Alipoondoka mwaka 1932, vilikuwa zaidi ya 4,000.

Mwaka huo wa 1932 alirudi Harlem kuwa msimamizi wa mkusanyiko wake mwenyewe. Alikaa kwenye kiti hicho mpaka kifo chake.

Lakini tusimpake sukari. Pale maktabani alikuwepo Catherine Latimer, mkutubi wa kwanza mweusi kuajiriwa na Maktaba ya Umma ya New York, mwaka 1920. Yeye alisomea kazi hiyo. Kwa miaka mingi ndiye aliyeorodhesha vitabu, akakata habari za magazeti kuhusu watu weusi na kuzipanga ili msomaji azipate. Kisha akaletewa mtu asiye na cheti akawekwa juu yake. Wapo waliolalamika kwa niaba yake, na ukiuliza wenye haki ya kulalamika, hatuoni jinsi ya kuwakatalia.

Schomburg alijua kila kitabu kilipo kwa sababu alikinunua kwa mkono wake. Orodha ilikuwa kichwani. Mkutubi kijana aliyeitwa Jean Blackwell, aliyefika mwaka 1936, alikuja kusimulia kwamba alikuta vitabu vimepangwa kwa ukubwa na rangi ya majalada. Yeye akavipanga upya kwa namba, kama alivyofundishwa chuoni. Mzee alikasirika sana, akamwondoa.

Kijana ndiye aliyekuwa na haki. Mpangilio ulioko kichwani mwa mtu mmoja unazikwa naye siku anapozikwa. Mkusanyaji huokoa kitu kisipotee, lakini mtunzaji aliyesomea ndiye hukifanya kitu hicho kiweze kupatikana na mtu mwingine miaka 50 baadaye. Kazi hizi mbili zinategemeana, na ndiyo sababu kuna chuo cha kufundisha hiyo ya pili.

Baada yake

Schomburg alifariki Brooklyn mwezi Juni mwaka 1938, akiwa na miaka 64, baada ya kuugua kufuatia matibabu ya jino. Mwaka 1940 mkusanyiko ulipewa jina lake.

Mwaka 1948 maktaba ilimteua msimamizi mpya. Alikuwa Jean Blackwell, yule yule aliyefukuzwa kwa kupanga vitabu kwa namba. Aliongoza mpaka mwaka 1980, na watu wengi wanakubaliana kwamba bila yeye vitu vile vingeozea kwenye jengo bovu. Alipigania fedha, akapigania jengo jipya. Katikati ya miaka hiyo, kwa mwaliko wa Rais Kwame Nkrumah, alikwenda Chuo Kikuu cha Ghana kusaidia kujenga mkusanyiko wa vitabu kuhusu Afrika. Kazi iliyoanzishwa na mtoto wa kisiwani ikafika barani alikotoka mama wa mama zake.

Leo kituo hicho cha Schomburg, palepale Harlem, kina zaidi ya vitu milioni 11: vitabu, barua, picha, filamu, kanda za sauti. Hakuna mwalimu anayeweza kusimama mbele ya jengo lile na kusema watu weusi hawana historia.

Kwa binti anayekwenda chuo, na kwetu sote

Kwa hiyo mama, mwache binti aende. Mwanzoni atapewa kazi zinazoonekana ndogo: kuandikisha barua, kuandika namba juu ya jalada, kupangusa vumbi, kutengeneza orodha. Asizidharau. Schomburg alianza na daftari la mahudhurio na chumba cha barua. Na asikubali kuambiwa kwamba orodha iliyo kichwani mwa mzee wa ofisi inatosha. Hapo amkumbuke Jean Blackwell.

Sisi wengine ambao hatuendi chuo tuna ya kufanya pia, tena leo. Chukua picha za zamani za nyumbani. Nyuma ya kila moja andika kwa penseli, polepole, majina ya waliomo, mahali na mwaka, kabla hajafariki mtu wa mwisho anayewajua. Hati na barua usizibandike selotepu, kwa kuwa gundi yake hubadilika rangi na kula karatasi. Toa pini, zinaota kutu. Weka karatasi ndani ya bahasha, kwenye sanduku la bati, juu ya meza au matofali ili mchwa na unyevu visifike. Piga picha kwa simu upate nakala, lakini usitupe ya asili, maana simu huanguka kisimani.

Na kama una mzee nyumbani, mrekodi kwa simu yako. Anza kwa kutaja jina lake, jina lako, kijiji na tarehe ya siku hiyo. Bila maneno hayo machache, baada ya miaka 30 itabaki sauti tu ambayo hakuna anayeijua.

Sisi hapa kituoni tumeanza kuandika orodha ya kanda tulizobakiwa nazo. Si nyingi. Kama kuna msikilizaji aliyewahi kurekodi kipindi chetu cha zamani kwenye kaseti yake nyumbani, tunaomba asiifute. Atutumie ujumbe, tutaifuata.